Kalamu Aliyookota Mama

Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Tumetoka ofisi ya ustawi wa jamii sasa hivi, nilimpeleka mama kuomba ile posho ya ulemavu. WAMEMNYIMA. Kisa kalamu!

Unaijua baridi yabisi ya mama. Leo asubuhi vifungo nimemfunga mimi, nywele nimemchana mimi, chai nimemnywesha kama mtoto. Vidole vimevimba, havikunjiki.

Sasa yule afisa ni mjamzito, tumbo linagusa meza. Katikati ya maswali kalamu ikamponyoka, akawa anahangaika kuinama. Mama na huruma zake! Akashika meza, akashuka taratibu huku ameuma meno, akaibana kalamu kwa viganja viwili, akampa. "Shika mwanangu, usijiumize."

Hata asante hakusema! Akamwangalia mama pale chini, akasema, "Kumbe unainama vizuri tu."

Unainama vizuri tu!! Mwenzangu, masikio yaliniwaka moto.

Kusimama tena mama hakuweza, nimemwinua mimi, na hilo eti hakuliona. Nikamuuliza, "Wewe huna macho?" Akageukia mlangoni. "Ombi limekataliwa. Mwingine aingie."

Mwingine!

Nimemwambia mama kesho narudi, na yule mwanamke atanitambua. Unajua kanijibu nini? Nikienda nimbebee mto wa mgongo, eti kile kiti kitamtesa na ile mimba.

Mto nitaubeba. Utatua usoni.