Ukuta Uliotazama Uluguru

Mjukuu wangu Fausta,

Marahaba. Huku Matombo tu wazima. Bibi yako bado anagombana na nyani shambani. Umeuliza mabweni ya chuo chenu yatapoaje bila kula umeme mwingi.

Soko huria lilipoingia, chuo kimoja Morogoro mjini kilinunua viyoyozi, nasi waashi tukaambiwa tuzibe matundu ya hewa ya kuta za ukumbi wa kusomea, ubaridi usitoroke. Ukabaki ukuta mmoja, unaotazama Uluguru, umeme ukakatika. Joto likatubana. Mara upepo ukashuka mlimani, ukapenya matunduni, ukafunua kurasa za vitabu mezani. Tukaduwaa, miiko mikononi.

Mkuu wa chuo akasema taratibu, “Huo ukuta uacheni.”

Siku ile niliona mlima nao ni fundi.

Huko kwenu upepo unatokea wapi?

Babu yako