Alama Ndani ya Mfuniko

Jumatatu, 3 Machi

Mke wa marehemu rubani kaja dukani na saa ya mumewe, kaifungia kwenye leso mafundo mawili. Shemeji yake yuko nyuma, hambanduki. Ndugu wa marehemu wanadai huyu mama kauza mashine ya ndani na kutia feki. Shemeji kasema mbele yangu: ikiwa feki, mwizi kajulikana, na nyumba ataiacha. Mama wa watu kanitazama mimi tu. Jumamosi wanarudi na ukoo mzima, na fundi wao kutoka duka kubwa asimamie, niifungue mbele yao. Nimekubali! Nani alinituma?

Kwa nje haina neno. Uzito upo. Maandishi makali hata chini ya lenzi. Mshale wa sekunde unateleza, haurukiruki. Baba kaigeuza mara moja tu, kairudisha. Orijino hiyo, kasema, usijisumbue kuifungua.

Baba yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Jicho, kasema nisifungue! Huyu aliyenichapa vidole zamani ananifundisha kazi, kwa kusema saa ni orijino kabla sijaona mashine.

Jumanne, 4 Machi

Baba kaenda kliniki ya macho. Nimeifungua.

Ganda orijino. Mashine feki. Tena feki ya hivi hivi — chuma hakijasuguliwa, skrubu moja kichwa kimechubuka. Nikasema masikini, kumbe kauza kweli. Halafu nikageuza mfuniko.

Sisi mafundi tukifungua saa tunakwaruza alama ndani ya mfuniko kwa sindano, pamoja na tarehe. Mwenye saa haioni maisha yake yote. Ni salamu kwa fundi atakayefuata. Humu alama ni moja: jicho dogo. Miaka kumi na miwili iliyopita.

Alama ya baba. Nimeufunga mfuniko upesi, kabla hajarudi kutoka kliniki.

Jumatano, 5 Machi

Betri tatu, mkanda mmoja. Baba kapiga soga na muuza viatu wa jirani, kacheka mpaka kakohoa. Nikamchukia. Halafu nikajichukia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwekea ule mfuniko kando ya chai yake. Kaugeuza, kaupapasa ndani kwa kidole, kisha kasema yote.

Wiki ile alikuwa na saa ya bwana mkubwa mmoja, aina hiyo hiyo. Ikamponyoka, ikaanguka sakafuni, mashine ikavunjika. Bwana yule hakuwa mtu wa kuambiwa subiri. Ya rubani ilikuwa mezani, imeletwa kusafishwa. Katoa mashine huku, katia kule. Rubani kamtilia feki ya muda, mpaka vipuri vifike. Havikufika. Rubani kaja, kaiona inakwenda, kashukuru sana. Kashukuru!

Nikamuuliza, sasa alama uliikwaruza ya nini? Katazama vidole vyake. Mkono ulishazoea, kasema.

Halafu kaniomba. Baba hajawahi kuniomba kitu. Unga wa kung'arishia upo, dakika kumi tu alama inafutika. Ningefanya mwenyewe, kasema, ila macho sina tena, mwanangu. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Kanishika bega, kasema asante.

Ijumaa, 7 Machi

Unga nimeutoa. Nimeurudisha. Mara tatu! Niseme ni orijino? Yule fundi wao si kipofu. Nikifuta, mama wa watu anafukuzwa kwake kwa kosa la baba yangu. Nisipofuta, baba namvua nguo mbele za watu, kwa mkono aliounoa yeye. Nikimbie? Duka lina mlango mmoja, na kiti cha baba kiko mlangoni.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimesimama, stoo. Nimewaambia nafuata kifaa cha kufungulia mfuniko. Kiko mfukoni tangu asubuhi.

Wamejaa. Shemeji, wifi wawili, fundi wao na lenzi shingoni. Mama wa watu kakaa pembeni, pochi mapajani. Funguo za nyumba kaziweka mezani mwenyewe kabla hajaulizwa. Nimeziona, nikakimbilia huku.

Shemeji analalamika, fundi gani huyu anachelewa hivi. Sasa mama anasema, sauti ndogo, nimesogea mlangoni mwa stoo nisikie — "Mzee, si mume wangu aliwahi kuileta kwako isafishwe? Hukumbuki, baba yangu?"

Shikamoo zote zimeisha huko nje. Sema, Baba. Sema wewe, nisiseme mimi.

"Hapana, mama." Sauti ile ile ya kuhudumia wateja. "Saa hii sijaifungua hata siku moja."

Wifi mmoja kaguna. Baba ananiita, kwa jina la utotoni, lile la kubembelezea — njoo mama, njoo uwafungulie, waone wenyewe ndani.

Anaita tena. Anadhani nimeifuta.