Kul ya Mjukuu na Friji ya Marehemu

Jumatatu, 3 Juni
Nina miaka sabini na tisa. Nimezika mke mmoja, mabosi watatu, na friji zisizo idadi. Mimi bado nipo! Fundi friji hasa, si hawa wa kubahatisha. Leo mwanangu kasema chumba cha mbele, karakana yangu, anataka kumpa bintiye afungue saluni. Eti mikono yangu inatetemeka. Inatetemeka kwa hasira! Nikamgeukia huyo binti, mjukuu wangu, nikamuuliza anasemaje. "Kul, babu." Kul nini? Macho kwenye simu.

Jumanne, 4 Juni
Leo nimelitegea sikio hilo neno. Shoga yake kaja na viatu vipya – kul. Mama yake kammwagia chai, kaomba radhi – kul. Kijana wa jirani kapita, kifua mbele – "yule kul!" Nimemuuliza fundi viatu wa hapo nje, Kiingereza chake kinazidi changu. Kasema asili yake ni ubaridi, ule wa kiasi, wa maji ya mtungi. Ubaridi! Nimeutengeneza maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniita kul.

Jumatano, 5 Juni
Tumewekeana sharti na mwanangu. Friji ya marehemu mke wangu imekufa jikoni miaka mingi. Nikiifufua kabla hajarudi kutoka kazini Ijumaa jioni, chumba changu. Nikishindwa, natoa spana zangu mwenyewe. Kakubali, anacheka. Mjukuu: "Kul." Kwa baba yake kul, kwangu kul! Huyu mtoto yuko upande gani?

Alhamisi, 6 Juni
Mota mpya nimefunga. Gesi nimejaza. Mkono haukutetemeka. Kidogo tu.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Asubuhi mwanangu kaihamishia friji karakana, eti jikoni panabana. Kaiburuta imelala ubavu kama godoro! Friji ikilazwa, mafuta ya mota hukimbilia kwenye mabomba. Ukiiwasha papo hapo, umeiua. Sharti isimame kwanza, itulie.

"Washa tuone, mzee. Au unaogopa?"

Mimi niogope! Nikashika plagi. Wallahi nilikuwa naichomeka, nimfunge mdomo. Mjukuu kaniwekea mkono begani. "Kul, babu," kasema polepole. "Kul."

Hiyo nimeielewa bila mkalimani. Nikaiachia plagi. Baba yake kaenda zake kazini, kicheko mpaka getini.

Tumekaa, mimi na mjukuu, kama tunauguza mgonjwa. Nikamuuliza, saluni unaitaka? Anaitaka sana. Ila si juu ya spana zangu, kasema, atatafuta kwingine. Mbona hukusema toka mwanzo?

"Mlikuwa mnafoka wote wawili, babu. Ningesemea wapi?"

Nikajifanya natafuta bisibisi.

Jua limelegea ndipo nikawasha. Ikakohoa. Ikanguruma! Nikatia kiganja ndani – bado. Tukangoja. Nikatia tena, sina hakika, vidole vyangu vimeshakufa ganzi siku nyingi. Nikamwambia, tia wewe. Katia, kafumba macho.

"Kul?" nikamuuliza.

"Hapana, babu. Baridi! Baridi kabisa!"

Geti linalia. Mwanangu huyo anaingia. Naandika nimeegemea friji, inanitikisa mgongo. Akibisha, amuulize fundi viatu: sasa hivi tu kaingia mwenyewe kuihakiki, katia mkono mpaka kwapani, katoka anapuliza vidole.