Mashine ya Mama Haimo Kwenye Orodha

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla mwezi haujaisha, maana mimi ni fundi cherehani na siku hizi hata sindano inanishinda kwa hofu. Mama yangu anaishi nasi na anapumua kwa mashine ya oksijeni inayotumia umeme, na umeme hapa hukatika hovyo, kwa hiyo tukaamua kuweka sola na betri, tukamwita fundi umeme, mtu makini, akasema hagusi waya mpaka tukubaliane kwanza nyumba inataka nini, akatoa karatasi iliyoandikwa juu MZIGO, akaniambia, "Kaka, nitajie mizigo yote ya nyumba hii." Nikataja taa, friji, runinga, cherehani, pasi, na kabla sijafika kwenye mashine sauti ya mama ikatoka chumbani, "Mimi si mzigo wa mtu! Usithubutu kuniandika humo." Fundi akadhani ni utani wa wazee, akajibu, "Basi bibi, tumekufuta!" Mke wangu akainama, nami nikaona haya, nikasema, "Ndiyo hayo tu," nikatia sahihi. Nilijiambia nitampigia fundi kesho, kesho ikawa wiki tatu. Juzi adhuhuri umeme ukakatika, tukamwekea mama mtungi wa akiba, nikasimama natazama mshale wa kipimo chake unavyoshuka, midomo yake ikaanza kuwa ya kijivu, na bado akaniambia, "Kashone, mwanangu, wateja wanasubiri." Umeme ulirudi mshale ukiwa kwenye nyekundu. Mwisho wa mwezi fundi anakuja kufunga, nikimweleza ukweli nitaonekana mwongo, nikimwandika mama nitamvunjia heshima, na nikinyamaza, siwezi kuimalizia sentensi hii. Nifanyeje?

Mwana Mwoga

*

Mwana Mwoga,

Pasi umeiandika. Mama umemwacha. Yasome tena maneno hayo ukiwa umekaa.

Nakuonea huruma, mshale ule ungemtisha yeyote. Lakini usinitajie heshima. Heshima gani hiyo inayomwachia mzazi mtungi mmoja? Ulichokilinda ni uso wako mbele ya fundi. Na mafundi kama huyo natamani wangekuwa wengi! Watu hununua betri kwanza, wakazipanga sebuleni kama zawadi, ndipo wajiulize ni za kazi gani. Yeye aliuliza kwanza. Wewe ukamdanganya, na sasa kila hesabu aliyopiga ni sahihi kwa nyumba isiyo na mama yako.

Nina ugomvi na neno lenyewe pia. Mafundi, mkisema mzigo mnamaanisha chochote kinachovuta umeme. Sawa, ni lugha ya kazi. Lakini mnaingia kwenye nyumba za wagonjwa na wazee wanaoliogopa neno hilo kuliko ugonjwa. Ulizeni hivi: ni kitu gani humu ndani hakiruhusiwi kuzimika hata dakika moja?

Sasa weka gazeti chini, mpigie fundi. Mwambie, "Nilikudanganya." Ataudhika, mwache audhike. Karatasi ile ichanwe. Mpya ianze na swali hilo, ifuate saa za katizo refu kuliko yote yaliyowahi kuwapata, kisha vitu vinavyoweza kusubiri, na betri mwisho kabisa. Mashine ipewe njia yake ya umeme peke yake. Pasi ingoje umeme urudi, nguo zenye mikunjo hazijaua mtu. Na kwa kuwa betri nazo huharibika, kesho asubuhi nenda kwa wauguzi wa mama, waulize mitungi mingapi ya akiba ikae ndani na nani apigiwe simu ikipungua. Usingoje mwisho wa mwezi kwa hilo.

Mama naye usimzunguke. Mpe karatasi tupu na kalamu, apange vitu vya nyumba mwenyewe, na neno la juu alichague yeye. Akikataa kuiandika mashine, mwambie jambo ambalo najua hujamwambia: "Mama, juzi ulinituma nikashone. Sikuweza hata kutunga uzi."

Ataiandika.