Rangi ya Chini ya Bawa

Kendu Bay, Jumatano

Ouma, mwenzangu katika kuutetea ufuo, bado amenuna. Alitaka pingamizi letu dhidi ya mradi wa kujaza ufuo kifusi limtaje yule kitwitwi adimu, ndege wa ufuoni mwenye bawa jeusi kwa chini. Akisimama, hatofautiani sana na yule wa kawaida aliyejaa hapa.

"Andika tu, ndugu yangu. Nani atamwinua ndege bawa achungulie?"

Mimi, ninayewararua watu gazetini kwa madai yasiyo na ushahidi, nilishawishika kidogo, nikamwandika. Kisha mama mmoja akaja kugeuza omena, dagaa alioanika juu ya nyavu, na ndege tuliyekuwa tukimtazama akaruka. Chini ya bawa palikuwa peupe: ni yule wa kawaida.

Nimemfuta yule adimu kwenye pingamizi. Wenye mradi wangeushika uongo huo mmoja tu, wakalitupa pingamizi zima.

Kesho tutautetea ufuo kwa ndege wa kawaida. Sijui kama watatosha.