Mkasi wa Mama

3 Machi

Mdogo wangu,

Natumai u mzima huko kiwandani. Mimi nipo, ila presha inanisumbua.

Sitazunguka. Ule mkasi mdogo wa mama wa kukatia nyuzi haupo tangu Jumamosi uliyokuja kunisaidia kushona makoti ya bendi. Tulikuwa wawili tu chumbani. Urudishe, nami nitafunga mdomo. La sivyo, usinihesabu ndugu.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na presha. Mimi sijambo.

Sikuuchukua. Jinsi utakavyonifikiria haimo mikononi mwangu. Kilichomo ni kusema kweli na kutokutukana, na vyote nimevifanya. Mlango wangu uko wazi.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Presha imepanda.

Barua yako nimeisoma mara tano. Mistari imenyooka, hakuna hata neno lililokatwa. Wewe huyu, uliyewahi kumrushia mteja pasi kwa ajili ya kifungo kimoja? Mtu aliyesingiziwa huwaka. Utulivu huu umeutoa wapi, kama hukujiandaa mapema? Shangazi zetu wote nimewaambia.

Dada yako

22 Machi

Dada,

Shikamoo. Shangazi hawapokei simu zangu. Imeniuma sana. Bado sikuuchukua, na bado sitakutukana. Kunywa dawa zako.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Mpiga tarumbeta karudisha koti, eti kila akiinua mkono kitu kinamchoma ubavuni. Nikafumua bitana. Mkasi wa mama ulikuwa humo, na mshono ni wangu. Siku ile ulinikosoa kola mbele ya mteja aliyesimama mlangoni. Nikashona huku nimekukazia macho wewe, nikaufungia ndani.

Asubuhi nzima nilikaa nao mapajani. Hakuna aliyeniona, ningeweza kunyamaza. Nimewapigia shangazi mmoja mmoja, nikawaambia mwizi ni hasira zangu. Naona aibu. Mlango bado uko wazi?

Dada yako, kama bado

9 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, na leo si salamu tu, ni kweli.

Uliuliza utulivu nimeutoa wapi. Kila barua uliyoipata ilikuwa ya nne. Katika tatu za kwanza nilikutukana mpaka karatasi ikatoboka, nikazichana, nikaanza upya.

Hii ni ya kwanza, ndiyo maana imejaa maneno niliyoyakata. Nakuja Jumamosi. Na ile kola ilikuwa imepinda.

Mdogo wako