Pumzi Kabla ya Noti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yametulia, na jirani yako ameacha kuegesha gari mbele ya lango lako. Mimi huku ni mzima kwa kiasi chake. Hicho kiasi nitakieleza, lakini najua tabia yako ya kusoma mwisho kwanza, kwa hiyo nakuomba leo twende wote pole pole.

Uliniuliza kwenye simu onyesho lilikwendaje, nikakujibu kwamba lilikwenda salama, kisha nikakimbilia habari za mvua. Nawe hukunisukuma, nikajua umenishuku. Basi sasa nakupa habari yote.

Muziki wenyewe ulikuwa mpya, wa fidla na piano, ule ambao ukiusikia unauliza ni nani anahamisha makabati. Mtunzi wake yu hai, na hilo peke yake ni tatizo, maana watunzi waliokufa hawaji kwenye mazoezi. Huyu alikuja. Ni mama mfupi mwenye sweta lililojaa penseli mifukoni, mpole wa sauti, lakini akishika neno haliachii.

Mwenzangu wa fidla unamkumbuka, yule mrefu aliyekula chakula chako akaomba tena bila haya. Tumepiga muziki pamoja tangu chuoni. Yeye husimama kuumeni kwangu, pale piano inapojikunja, na wala hatuhesabu moja, mbili, tatu. Huinua upinde wake, huvuta pumzi kidogo, nami humwona kwa pembe ya jicho, tukaanza. Ndivyo wafanyavyo wanamuziki wawili popote pale.

Lakini tangu mwaka jana pumzi yake ilikuwa kubwa mno. Alivuta hewa kama mvukuto wa mhunzi, hadi watu wa viti vya nyuma wakasikia. Mimi ndiye niliyembandika jina la Mvukuto, likamganda, mpaka wauza tiketi wakawa wanamwita hivyo. Nilimwambia mbele za watu akamwone daktari wa pua. Alicheka tu, akasema ana kifua kizito.

Sasa katika muziki huu mpya, katikati kuna kimya kirefu kisicho na hesabu, halafu fidla na piano huingia kwa noti moja laini sana, kwa pamoja. Mtunzi alisema kazi yote ameiandika kwa ajili ya noti hiyo. Siku ya onyesho, kwenye mazoezi ya mchana, alitusimamisha hapo. Akasema pumzi inaingia ndani ya kimya chake na kukichafua, tufanye kwa macho tu. Mimi nikadakia kwamba hata mimi nimechoka nayo. Mvukuto aliinamia nyuzi zake akizifuta, akasema atajaribu.

Tukajaribu. Fidla iliingia peke yake, mimi nimekaa na mikono juu ya piano kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Tukarudia, nikabahatisha, nikamtangulia. Mara ya tatu mtunzi aliweka penseli chini, akaniuliza kwa upole kama ninahitaji kupumzika. Nikamwambia kiti kiko chini mno, nikaanza kukizungusha kukipandisha. Kiti kilikuwa sawa kabisa, Mama.

Kwa miezi mingi nilikuwa najua kuna vitu vinanipotea pembeni. Nilijigonga kwenye miimo ya milango. Watu walionijia kwa ubavuni walisema nimeanza kuringa, siitikii salamu. Lakini mbele yangu noti nilizisoma vizuri, nikajiambia ni uchovu. Na niliogopa. Mpiga piano akishasemwa kwamba macho yake yana kasoro, mialiko hukauka, na mimi kazi nyingine siijui. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na kimya. Nilijua mengi yamenipotea, lakini sikujua kwamba upinde wa mwenzangu nao umo.

Sikumwambia mtu. Jioni ukumbi ulijaa, watu wakakohoa kikohozi chao cha mwisho, tukaanza. Tulipiga vizuri, hata nikasahau. Kisha tukafika kwenye kile kimya. Mtunzi alikuwa mstari wa mbele, mikono ameifumbata. Kuumeni kwangu sikuona kitu. Nikajua nimekwisha, na kwamba watu wote hawa wataona ninavyokwisha.

Ndipo Mvukuto alipovuta pumzi. Mama, hajawahi kuivuta namna ile. Mwanamume mmoja mbele alishtuka kitini. Kidole changu kilishuka pamoja na upinde wake, na noti ikawa moja. Machozi yalinitoka na sikuweza kuyafuta, mikono ilikuwa kazini.

Baada ya makofi Mvukuto alikwenda kumwomba radhi mtunzi. Mtunzi alinuna. Alisema kimya chake kimeharibiwa, ila noti iliyofuata ndiyo hasa aliyoisikia kichwani siku aliyoitunga, kwa hiyo hajui akasirike au ashukuru. Mimi nikamvizia mwenzangu kwenye ujia wa nyuma, penye viti vilivyopangwa, nikamuuliza kwa nini amevunja ahadi. Alimaliza kwanza kuifunika fidla yake.

"Kifua changu hakijawahi kuumwa," alisema. "Tangu mwaka jana huuoni upinde wangu. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, na kabla hujaniambia ilibidi usikie pumzi badala ya kuuona."

Mwaka mzima, Mama. Mwaka mzima nimemcheka mbele za watu, naye akakubali kuitwa Mvukuto ili mimi nisikosee. Nilimshika mkono wa koti nikalia kama mtoto, na yeye, ambaye maneno si fani yake, akawa ananipigapiga begani tu. Nampenda mtu huyu, na nimechelewa kulijua hilo.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Nimefanyiwa upasuaji jicho moja, nao umekwenda vizuri. Hilo limefungwa bandeji, na la pili limekatazwa kazi mpaka daktari aruhusu. Najua tangu kwenye salamu umeshaona kwamba mwandiko huu ulionyooka si wangu. Mimi nasema kitandani, Mvukuto anaandika. Kejeli zangu zote ameziandika bila kulalamika, lakini pale niliposema nampenda aliweka kalamu chini, ikabidi nimbembeleze.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza. Daktari aliniuliza ni nani mwingine katika familia mwenye shida ya macho. Nikamtaja bibi, mama yako, aliyekuwa akipapasa kuta, nasi tukisema ni uzee. Akasema ugonjwa huu hutembea ndani ya damu. Nikakukumbuka wewe. Ulipokuja kunitembelea ulimimina chai pembeni ya kikombe, ikajaa meza nzima, tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Nenda ukapimwe, Mama, wiki hii hii. Kaka nimeshamwambia, atakuja kukuchukua. Tafadhali usimjibu kwamba unaona vizuri. Mimi pia nilikuwa naona vizuri.

Wape salamu wote wanaoniulizia, na huyo jirani wa gari pia. Mwandishi wangu anasema shikamoo, na kwamba akipata ruhusa yangu atakuja kukuona, ana neno lake la kukuambia. Ruhusa nimempa.

Nakubusu mikono,
Ni mimi, kitinda mimba wako.